Mti Mmoja wa Mheshimiwa Kiboko

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa mji.
— Tuujenge!
Katikati ya mji, bonde.
— Tulipite!
Na mvua je?
— Inyeshe, tuko ndani!

Mko ndani, eti? Ngojeni muone kama ndani hakuingii maji.

Basi hapo kale, lakini si kale sana maana mabati yalikuwepo, palikuwa na mji wa wanyama ukiitwa Kwamatope. Katikati yake palikuwa na bonde la matete. Mvua ikinyesha, bonde linakunywa: gudu, gudu, gudu. Mvua ikizidi, bonde linazidi kunywa: gudu, gudu, gudu. Wenye nyumba wanalala usingizi wao.

Mwenyekiti wa mji alikuwa Kiboko. Tumbo kubwa, mdomo mkubwa, na tamaa ilivishinda vyote viwili. Siku moja akasema, "Hapa bondeni nitajenga bwawa la kuogelea, lenye vigae vya buluu. Langu peke yangu!" Akafyeka nusu ya matete, akamwaga zege.

Masika yakaja. Maji yakatafuta wa kuyanywa, yasimwone. Yakaingia majumbani: shwaaa! Kitanda cha Kobe kikaelea, na Kobe juu yake. Kuku akapanda paani na sufuria yake. Na Chura, aliyekaa humo bondeni, watoto wake wote, viluwiluwi wadogo, wakazolewa na maji. Hapo msicheke. Chura alilia mpaka sauti yake ikawa hiyo mnayoisikia leo.

Mvua zilipokatika, Chura akataga tena katika kidimbwi kilichosalia. Viluwiluwi wapya wakaanza kucheza. Chura akaapa, hawa hawaendi na maji. Akapita nyumba kwa nyumba.

"Jirani, una mche?"

"Ninao."

"Ulete bondeni."

Kobe akaleta mwanzi kwenye kopo. Panya akaleta mkuyu. Kuku akaleta matete machanga. Wakapanda asubuhi, jioni akaja Fisi, mgambo wa Kiboko, akang'oa: ng'o! Wakapanda tena. Fisi akang'oa tena: ng'o! ng'o!

Kiboko akaitisha mkutano. "Wananchi, bonde lililobaki nalo tunalimwagia zege kesho kutwa. Kuna swali?"

Kobe akanyoosha mkono.

"Hakuna swali," akasema Kiboko. "Basi mmeshirikishwa. Jipigieni makofi."

Wakajipigia, wafanyeje? Chura yeye akaruka mbele: chupu, chupu, chupu.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Zege mwaga, sisi ni nani? Ila kesho tunakuomba uwe mgeni rasmi. Upande mti mmoja tu, kumbukumbu yako."

"Pilau itakuwepo?"

"Itakuwepo."

"Na ngoma?"

"Na ngoma, na kibao chenye jina lako."

Kiboko akatabasamu, meno yote nje. Mti mmoja utampa kivuli pembeni mwa bwawa. Akakubali.

Sasa sikilizeni sheria ya Kwamatope, na aliyeitunga ni Kiboko mwenyewe, siku Mbuzi alipotafuna mti wake wa sherehe. Mti wa mgeni rasmi hauguswi na yeyote, mdogo wala mkubwa. Anayeugusa anahama mji. Na pale uliposimama panaitwa kwa jina la aliyeupanda. Mbuzi alihamishwa, yeye na ndevu zake.

Kesho yake Kiboko akaja na suti. Akakanyaga matope: pu! Shimo. Akatia mche. Vigelegele! Kibao kikasimamishwa: Uwanja wa Kiboko.

Chura akakohoa. "Asante, Mheshimiwa, kapumzike. Pale mbele atapanda Tembo. Patakuwa Uwanja wa Tembo."

"Tembo? Katika bonde langu?"

"Pasipo na mti wako, Mheshimiwa, tutamnyimaje?"

"Lete mche!" Pu! Akapanda.

"Na pale kwenye matope atapanda Nyati."

"Nyati, na pembe zile? Lete mche!" Pu!

"Na pale ukingoni, Kifaru."

"Lete! Lete yote!" Pu! Pu! Pu!

Tembo yuko kwake anakula majani, hana habari. Nyati hana habari. Kobe anapokea kopo, anampa Panya. Panya anampa Kuku. Kuku anampa Kiboko. Mji mzima wamepanga mstari, na ngoma inalia. Suti ikachanika, Kiboko hasikii. Jua linazama, bonde limejaa miche kutoka ukingo huu hadi ule, na Kiboko anahema: hee, hee, hee. "Tembo asiambulie hata pa kuweka mkonga!"

Siku ya zege ikafika. Fisi akauliza, "Mheshimiwa, tumwage wapi?"

Kiboko akatazama huku: mti wake. Akatazama kule: mti wake.

"Ng'oa!"

Fisi akanyoosha mkono, akaurudisha. Alimkumbuka Mbuzi. Na mbele yake Kobe amesimama, Panya amesimama, Kuku ametandaza mabawa.

"Ng'oa wewe, Mheshimiwa," akasema Fisi. "Mimi nina familia hapa mjini."

Gari la zege likageuka, likaondoka.

Masika yaliyofuata mvua ilinyesha kwa hasira. Bonde likanywa: gudu, gudu, gudu. Kobe alilala kitandani, kitanda kikalala sakafuni. Viluwiluwi wakaota miguu, wakaruka: chupu, chupu! Chura akalia tena, safari hii kwa furaha. Naye Kiboko akapanda jukwaani akatangaza, "Mnaona nilivyouokoa mji?" Wakampigia makofi, Chura mbele ya wote.

Funzo lake? Wanyonge, msishike jembe! Miche ya Chura iliishia wapi? Iling'olewa. Aliyepanda bonde zima ni nani? Si Kiboko? Basi kupanda ni kazi ya wakubwa. Ninyi kazi yenu ni kuwabebea miche, kuwapigia ngoma, na kuwatajia jina la Tembo.

Ngano yangu imetua. Ikiwa tamu, tugawane. Ikiwa chungu, mpelekeeni Kiboko, yeye hachagui.