Kicheko cha Taprandich

Wahenga walisema akili nyingi huondoa maarifa. Hawakuwa wakiwasema wajinga, la. Mjinga hana akili za kumzidi. Waliwasema watu hodari, wale ambao wakipata ufundi mpya hawatulii mpaka wautumie, hata pale usipohitajika. Nyaguthii wa mtaa wa Kimumu alikuwa mmoja wao. Methali hiyo aliisikia tangu shule ya msingi, akaiandikia insha, akapewa alama nzuri, kisha akaisahau.

Babake Nyaguthii alikuwa na duka la rejareja, na binti alipomaliza kidato cha nne alimpeleka kwenye studio ya Bwana Shitanda, ghorofani nyuma ya soko mjini Eldoret, ajifunze kurekebisha picha kwa kompyuta. Siku ya kwanza alimkuta Shitanda ameketi mbele ya picha ya harusi iliyopigwa katika msitu wa Kaptagat. Mvua ilikuwa imeiharibu siku hiyo. Miti ilikuwa imezama katika ukungu na bibi harusi alikuwa na uso wa mtu aliyeibiwa. Shitanda alisogeza kipanya huku na huku. Ukungu ukaondoka. Mwanga wa jua ukashuka kati ya miti, ukatua begani mwa bibi harusi, na matone ya maji kwenye shela yake yakawaka moja moja. Nyaguthii alijishika mdomo. Alikuwa amezaliwa na kukulia Eldoret, ambako jua hujitokeza lipendapo, na hakuwahi kuona mtu akiliita likaja.

"Ni uchawi?" aliuliza.

"Ni kazi," Shitanda alimjibu bila kugeuka. "Lakini wewe shangaa tu, usione haya. Mimi nashangaa mpaka leo, na hii kitu nilianza nikiwa na nywele."

Tangu siku hiyo Nyaguthii alijifunza kama mwenye kiu aliyefika mtoni. Alijifunza kukata mtu katika picha moja na kumpandikiza katika nyingine bila alama ya mkato. Alijifunza kuzipa herufi rangi ya dhahabu na kuyapa mawingu ghadhabu. Lakini kilichomshangaza zaidi ni matabaka. Ndani ya programu ile ya kurekebisha picha, kila badiliko lililalia tabaka lake, juu ya picha ya kwanza, mithili ya mablanketi yaliyotandikwa kitandani. Pembeni mwa kila tabaka palikuwa na alama ndogo ya jicho. Ukiibonyeza, jicho linafumba na tabaka linatoweka. Ukiibonyeza tena, linarudi. Shitanda, ambaye hakuwa mtu wa masharti mengi, alikuwa na sharti moja tu juu ya jambo hilo.

"Ile ya chini kabisa usiiguse," alisema. "Hiyo ndiyo ukweli. Cheza huko juu vile unataka, lakini hiyo iache."

Nyaguthii alicheza. Lo, alicheza kweli! Kanisa moja lilipoagiza bango la mkutano wa maombi, aliweka radi, akaweka tai mwenye mabawa wazi, akaweka ndimi za moto na maandishi yanayomeremeta, hata mchungaji akaonekana kama mtu anayekimbia nyumba inayoungua. Mchungaji alipoliona bango alisema "Amina" kwa sauti ya chini sana. Shitanda alicheka mpaka akakohoa, kisha akamwambia msichana kwamba mapambo yakizidi hufunika kile yanachokipamba. Nyaguthii aliitikia kwa adabu. Maneno yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Asubuhi moja ya baridi, mzee mmoja kutoka Moiben alipanda ngazi za studio huku mjukuu wake amemshika mkono. Mzee huyo aliitwa Kipyego, mkulima wa mahindi na mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Mjukuu, Linet, alikuwa rika la Nyaguthii, na ndiye aliyeishi naye na kumtunza. Mzee alitoa ndani ya koti bahasha, na ndani ya bahasha picha ndogo iliyogeuka rangi ya chai kwa moshi. Ilikuwa imekunjwa katikati. Wanawake kadhaa walikuwa wamesimama mbele ya zizi, kila uso si mkubwa kuliko punje ya haragwe.

"Huyu wa pembeni, ameshika ndoo, ndiye mama yangu," Mzee Kipyego alisema. "Anaitwa Taprandich. Alikufa mimi bado nanyonya. Sura yake siijui."

Nyaguthii aliinama kuitazama.

"Hii picha ilipatikana juzi tukibomoa jikoni ya dada yangu," aliendelea. "Huyo dada, Jebet, ndiye peke yake amebaki anayemjua mama. Lakini macho yake inaisha. Daktari amesema ni presha ya macho, na kile kimeenda hakitarudi. Nataka mnitolee mama hapo ndani, awe mkubwa, Jebet amwone, aniambie, 'Ndiyo, Kipyego, ni huyu.' Baada yake hakuna mtu mwingine wa kuniambia."

Nyaguthii alihisi mwili ukimsisimka. Shitanda, aliyekuwa akifunga mkoba wa kamera aende kupiga picha za harusi, aliitazama ile picha kwa muda, kisha akamkabidhi mwanafunzi wake. Alimwambia, "Unaweza hii. Kilicholetwa na wakati, ondoa. Cha mwenyewe, mwachie mwenyewe." Akaondoka.

Ninyi mnaosoma, laiti mngalikuwapo Nyaguthii alipoianza kazi ile! Aliiingiza picha katika kompyuta, akaivuta karibu, na lile haragwe likaanza kuwa mtu. Aliufuta mkunjo uliokuwa umepita shavuni. Aliupunguza moshi, na nyuma ya moshi likatokea paji la uso, pana, lenye mwanga wa mchana. Aliyakoleza macho, na macho yakamtazama. Mwanamke aliyelala kaburini tangu kabla ya Uhuru alikuwa hapo, kidevu amekiinua, kichwa amekilaza upande, anacheka kicheko cha wazi kabisa. Nyaguthii aliondoa mkono kwenye kipanya, akajikuta amenong'ona, "Shikamoo." Machozi yalimlengalenga naye hakuyafuta.

Hapo kazi ilikuwa imekwisha. Laiti angesimama hapo.

Lakini alitazama tena, akaona pengo. Katika ufizi wa chini, mbele kabisa, meno mawili hayakuwapo. Aliona haipendezi. Mama wa watu atundikwe ukutani mbele ya wajukuu akiwa kibogoyo? Akachukua meno kutoka picha ya mwanamke mwingine, akayapanda, yakakaa barabara. Kisha akaona masikio. Ndewe zilikuwa zimetogwa na kuvutwa hadi karibu na mabega. Alimkumbuka nyanya wa mamake, ambaye alikuwa na ndewe kama hizo na hakutoka nje bila kuzificha kwa kitambaa. Akazifupisha kwa huruma. Baada ya hapo mkono haukushikika. Aliisafisha ngozi ikawa nyororo na nyeupe kidogo, akakichonga kidevu, akaipunguza pua, akaweka mwanga wa dhahabu nyuma ya kichwa. Kila alipoongeza jambo alijishangaa mwenyewe, na kila alipojishangaa aliongeza jambo.

Siku ya kuiona picha ilifika. Mzee Kipyego alivaa tai. Dada yake Jebet, ambaye wote walimwita Gogo, yaani nyanya kwa Kikalenjin, aliletwa juu polepole, Linet akimshika upande mmoja na Shitanda upande mwingine. Alikuwa bikizee mwembamba, aliyeona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba: kilicho mbele yake tu, na hicho nacho kwa shida. Walimketisha karibu kabisa na skrini. Nyaguthii aliifungua picha.

Mzee Kipyego alivua kofia. "Mama," alisema. "Alikuwa mrembo namna hii?" Akaanza kulia waziwazi, bila kugeuka, na Nyaguthii akaona kwamba hakuna kazi duniani tukufu kuliko yake.

Gogo Jebet alisogeza uso hadi pua ikaribie kioo. Kisha akauliza, "Huyu ni nani?"

"Ni mama, Jebet," mzee alimwambia.

"Huyu si mama. Huyu ni mtu wa televisheni."

"Ni macho yako hayo," mzee alisema, na sauti yake ilikuwa ya kuomba, si ya kubisha. "Angalia tena. Tafadhali."

"Macho yangu inakufa, Kipyego, lakini haijasahau. Mimi nilikuwa msichana mkubwa mama akienda. Nilimbebea kuni." Bikizee alimgeukia Nyaguthii, akaushusha mdomo wake wa chini kwa kidole. Pale mbele, katika ufizi wa chini, meno mawili hayakuwapo. "Unaona? Hii sisi tulitolewa tukiwa wasichana. Ndio mtu aonekane ni mtu wetu. Siku yangu ikifika, ni mama alinishika kichwa nisitingishike. Yeye alikuwa na yake hivihivi. Sasa huyu wako amepewa meno na nani?"

Nyaguthii alimtazama Mzee Kipyego, ambaye machozi hayajamkauka mashavuni. Mzee alikuwa amemlilia mtu ambaye hakuwahi kuishi. Lau Gogo Jebet angechelewa hadi macho yazime, mzee angeenda kaburini na sura hiyo ya uongo, akiamini amemwona mama. Msichana alitaka ardhi impasukie.

"Ni mimi," alisema. "Ni mimi nilimpa. Nilidhani namsaidia. Nisameheni, Mzee. Gogo, nisamehe."

Shitanda alikuwa amesimama nyuma yake, mikono kifuani. Aliuliza jambo moja tu, kwa upole, "Ile ya chini uliigusa?"

"Sikuigusa, Mwalimu."

"Basi yuko."

Nyaguthii alishika kipanya. Alibonyeza jicho la tabaka la juu kabisa, likafumba. Mwanga wa dhahabu ukazimika, na nyuma ya kichwa kukatokea zizi, miti ya zizi ikiwa mikavu na iliyopinda.

"Hilo ni zizi letu," Gogo Jebet alisema. "Endelea."

Akafumba jicho la pili. Ngozi iliiva, ikawa nyeusi yenye mikunjo midogo ya kicheko. Akafumba jingine. Pua ikatanuka na kidevu kikarudi mahali pake. Bikizee alianza kupumua kwa nguvu. "Anakuja," alisema. "Kipyego, anakuja." Mzee alikuwa ameshika mgongo wa kiti kwa mikono miwili. Nyaguthii alifumba jicho la masikio, na ndewe zikashuka, ndefu, zikiwa na shanga ambazo yeye mwenyewe hakuwa amezitilia maanani. Likabaki jicho moja. Alilifumba, na meno mawili yakatoka.

Yale mema aliyoyafanya kwanza, ya kuufuta mkunjo na moshi, aliyaacha. Taprandich akabaki skrinini, mwenyewe, akiwacheka wote.

Gogo Jebet aliweka kiganja juu ya kioo. Alimsalimia mamake kwa Kikalenjin, kwa sauti nyembamba ya mtoto. Kisha akasema, "Ndiyo, Kipyego. Ni huyu."

Baada ya kitambo mabega yake yalianza kutikisika. Walidhani analia, kumbe anacheka.

"Najua anacheka nini," alisema. "Anamcheka mzungu wa kamera. Alirudi nyuma, akarudi nyuma, wote watoshe kwenye picha, akakanyaga mavi ya ng'ombe! Mimi nilikuwa hapo, nimeshika ndama. Mama akacheka hivyo."

Linet alishindwa kujizuia. Aliangua kicheko, na alipocheka kidevu chake kiliinuka na kichwa kikalala upande. Shitanda alikuwa wa kwanza kuona. Kisha Nyaguthii akaona, akaitazama skrini, akamtazama msichana, akaitazama skrini tena, na nywele zikamsimama. Paji ni lile, macho ni yale, kicheko ni kilekile, kimevuka kaburi na miaka yote hiyo kikaja kutua kwenye studio nyuma ya soko. Naye alikuwa amekizika chini ya mapambo yake kwa mikono yake mwenyewe.

Mzee Kipyego alimgeukia mjukuu wake polepole. Alimshika kidevu kwa vidole vyake vigumu vya mkulima, akamtazama kama mtu anayemwona mara ya kwanza.

"Kumbe," alisema. "Huyu mama nimemtafuta maisha yangu yote, na kila asubuhi ananipikia chai."

Shitanda alimuuliza Nyaguthii kama kuna lolote la kuongeza kabla picha haijachapishwa. Msichana alikitazama kipanya, akautazama uso ule uliokuwa ukicheka bila meno mawili, ukiwa mzuri kuliko kitu chochote alichowahi kukitengeneza. Akairudisha mikono yake magotini. Siku hiyo aliijua methali ambayo zamani aliiandikia insha tu: akili nyingi huondoa maarifa.