Nanga ya Nahodha Makungu

Nanga haina macho, anayo aitupaye. Mmeisikia gatini asubuhi hii, mkacheka, kisha mkaja kuuliza ilitoka wapi. Vyema. Lakini kwanza mjibu nyinyi: mara ngapi mmezama pale Mwamba wa Kanga, mkaona matumbawe yamesagika kama vigae, mkageuza shingo kumtazama kasa? Msikatae. Mmegeuza. Na waliowatangulia waligeuza vilevile, ndiyo maana methali yenyewe ikachelewa kuzaliwa.

Basi ilianza hivi.

Nahodha Makungu alikuwa akiendesha boti ya wazamiaji, ya kampuni moja iliyokwisha kufa. Hakuwa na mtambo wa kumwonyesha njia, wala hakuutaka. Alikuwa na alama zake za nchi kavu: ncha ya mnara wa msikiti iguse mti wa mvinje uliopinda, na huku kusini jabali lifunike paa la skuli. Alama zikikutana, alipaza sauti, "Tupa!" na nanga ikaenda. Watu walisema Makungu anaweza kuangushia nanga ndani ya kikombe. Walisema kweli. Kila siku nanga yake ilifika pale pale.

Na pale pale palikuwa juu ya matumbawe. Makungu hakujua. Nahodha hashuki chomboni, ndivyo alivyofunzwa, na tangu awe nahodha hakuwahi kutia uso majini akafumbua macho.

Aliyejua ni Mize, binti wa dada yake, mwongozaji wa wageni chini ya maji. Makungu ndiye aliyemwombea kazi, akamtetea kwa wanaume waliosema mwanamke atazirai kwenye mkondo. Mize hakuzirai. Alizama kama aliyezaliwa huko. Ila kila aliposhuka akifuata kamba ya nanga, mwisho wa kamba alikuta kidonda kimepanuka. Matumbawe yaliyosimama kama pembe za kulungu yalikuwa yamelala, yamekuwa kokoto nyeupe, na boti ilipoyumba mnyororo uliendelea kusaga. Samaki waliokuwa wakijificha humo walihama. Juu kidogo, kwenye mwamba unaochomoza maji yakitoka, mama yake alikuwa akichokoa pweza toka asubuhi na kurudi na kapu jepesi.

Siku moja Mize alimwambia mjomba wake, kwa sauti ya chini, "Mjomba, nanga inavunja mwamba."

Makungu akacheka. "Nanga haina macho, mwanangu. Itajuaje hili jiwe na huu mchanga?" Mabaharia wakacheka naye. Mize akageuka, akarudi kuwapanga wageni. Kazi aliipata kwa mkono wa mjomba. Atamwambiaje zaidi ya hapo?

Katikati ya kidonda kile lilikuwa limebaki tumbawe moja kubwa, la mviringo, la kale, wenyeji wakiliita Bibi. Asubuhi moja alama zilikutana, nanga ikatupwa, kamba ikakaza, na Mize, aliyekuwa ameishika kamba mkononi, akasikia kitu kinavunjika kule chini. Alikuwa amekwishavaa mtungi wa hewa. Akakaa chini.

"Mize, wageni wanasubiri."

"Sizami, mjomba."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nanga iko juu ya Bibi. Ikitoka, nitazama."

Bwana Mlowe, mgeni mwenye kamera mpya shingoni, akaruka. "Dada, mimi nimetoka Dodoma kuja kutazama samaki, si ugomvi wa familia!"

"Na samaki wanakaa wapi, kaka? Hotelini?"

Mtu mmoja akaangua kicheko. Mama mmoja mzamiaji akavua mapezi yake ya miguuni, akayaweka kando. "Basi hata mimi sizami." Jirani yake akavua. Wengine wakafuata. Bwana Mlowe alibaki peke yake amesimama na mapezi yake kama bata, akatazama huku na huku, naye akakaa.

Makungu alimsogelea mpwa wake. "Unanivua nguo mbele za watu, Mize? Mimi niliyekupandisha chombo hiki? Nikikurudisha pwani leo, hutakipanda tena."

"Nirudishe, mjomba. Lakini tazama kwanza." Akamnyooshea miwani yake ya kuzamia.

"Nimekwambia nanga haina macho!"

"Haina, mjomba. Anayo aitupaye."

Makungu aliishika ile miwani kama mtu aliyepewa kaa hai. Kisha akapiga magoti kwenye ngazi ya nyuma, akaivaa, akatia uso majini. Akainuka, akavuta pumzi, akarudi tena kutazama.

"Nani kafanya vile?" akauliza.

Alijua. Duara lile jeupe lilikuwa ndiyo shabaha aliyosifiwa maisha yake yote.

Hapo ndipo Makungu alipokuwa mtu wa kusimuliwa. Hakuvuta nanga kwa hasira. Alimwomba Mize ashuke aichomoe kwa mkono, naye akaipandisha polepole kama anayemtoa mtoto mwiba. Kampuni ilipotaka kumfukuza Mize, Makungu aliweka ufunguo wa boti mezani, akasema ataushika tena siku binti huyo atakaporudi. Mize akarudishwa. Wakatafuta pamoja uwanja wa mchanga, yeye juu na alama mpya za nchi kavu, Mize chini, wakazamisha pipa la zege, wakalifunga boya. Tangu siku hiyo boti yake ilifungwa kwenye boya.

Manahodha wenzake walimtania. "Makungu siku hizi anafungwa kama mbuzi!"

"Mbuzi aliyefungwa hali shamba la watu," akajibu.

Bibi alipasuka ubavu, lakini hakufa. Kando yake vimeanza kuota vichipukizi vidogo kama vidole vya mtoto.

Sasa nyinyi. Kesho mnapanda boti. Kabla hamjavaa mtungi, ulizeni nanga inakwenda wapi. Pana boya? Ifungwe hapo. Hapana? Mwongozaji ashuke kwanza autafute mchanga. Nahodha akikataa, vueni mapezi mkae, hata kama ni mjomba wenu, kisha mkifika pwani semeni mlichokiona kwa sauti, kwa wote wenye masikio. Msingoje mkutano, msingoje mkubwa yeyote. Kesho hiyo hiyo. Wala asije mtu hapa kuniambia hakuona.

Nanga haina macho. Anayo aitupaye.