Viatu Vyenye Mlio

Mtu mmoja alikuwa na kibanda cha kushonea viatu kando ya njia ipandayo vilimani, na masikio yake yalifanya kazi kuliko macho. Jina lake Mwasaru. Kwa kuwa alishinda ameinama, sindano mkononi na uzi wa katani mdomoni, aliwajua watu kwa hatua zao kabla hajawaona. Huyu anakanyagia upande wa nje, soli yake italika vibaya. Yule ana haraka ya maisha, anatanguliza vidole. Palikuwa na mama mmoja mjane, Mshai, ambaye mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi kidogo kuliko wa kulia. Hatua yake ilisema ta, kisha ikaburura, shaa. Mwasaru alikuwa akimwongezea tabaka mbili za ngozi chini ya kisigino cha kushoto, na bila tabaka hizo nyonga ya mama yule ilimuuma mpaka machozi.

"Karibu, Mama Mshai," Mwasaru alizoea kusema bila kuinua kichwa.

"Wewe fundi una macho kisogoni," mama alimjibu kila mara, akaketi kwenye kigoda kungoja kiatu chake.

Jimbo lao lilikuwa dogo, vijiji tisa tu juu ya vilima, nalo lilipeleka seneta mmoja kwenye Seneti ya nchi kila baada ya miaka mitano. Halikuwa na masanduku ya kura wala karatasi. Watu walipiga mlolongo. Wagombea walisimama uwanjani wameelekea ukuta wa ghala la mahindi, wamewapa watu migongo, na kila mwananchi alikwenda kusimama nyuma ya yule amtakaye. Filimbi ililia mara tatu: ya kwanza watu waanze kutembea, ya pili milolongo ifungwe na kuhesabiwa, ya tatu wagombea wageuke waone. Sheria zilikuwa mbili. Hakuna kunena neno uwanjani. Na mgombea asigeuke kabla ya filimbi ya tatu, kwani akigeuka amejitoa. Waliotunga sheria hiyo walisema kwamba uso wa mtu anayeomba ni mzito, na macho ya mwenye cheo ni fimbo, basi afadhali watu wapite nyuma yake wakiwa huru.

Mwasaru aliposimama pale mara ya kwanza, alikuwa bado ananuka gundi. Alitazama ukuta na kusikiliza. Zikaja akala za tairi, zikaja raba zilizochoka, na baada ya hizo ikaja ta, shaa, ikasimama karibu na mgongo wake. Aliwataja watu moyoni mmoja baada ya mwingine kama mwalimu asomaye daftari la darasa. Filimbi ya tatu ilipolia hakuwa na haja ya kugeuka. Aligeuka kwa adabu tu.

Mwaka wake wa kwanza wa useneta, wenye kampuni fulani walitaka kuizungushia ua chemchemi ya juu, ile inayonywesha vijiji vyote tisa. Mwasaru alisimama katika Seneti akasema maneno machache, akakataa kuketi mpaka maneno yale yaandikwe. Chemchemi ikabaki wazi. Hapakukatwa utepe, hapakupigwa picha, na yeye mwenyewe baada ya muda alilisahau jambo lile, kama mtu asahauvyo mlango alioufunga vizuri.

Yakafuata mambo mengine. Alipewa gari ambalo vioo vyake havikuteremshwa kwa sababu ya vumbi. Alipewa ofisi yenye zulia nene, na juu ya zulia lile kila aliyeingia aliingia bila mshindo, tajiri na maskini, mwenye shida na mwenye hila. Mwanzoni alishtuka kila mtu alipotokea ghafla mbele ya meza yake. Kisha akazoea. Kibanda chake kilifungwa kwa kufuli, na kufuli likashika kutu.

Miaka mitano ikaisha, hofu ikamwingia.

Mpinzani wake aliitwa Ngeti, mwenye malori ya mchanga na kipaza sauti kikubwa. Kila asubuhi sauti ya Ngeti ilipanda mabonde na kushuka, na kila asubuhi Mwasaru alisukuma sahani ya chakula kando. Aliwauliza watu wake kama vilima bado ni vyake. Katibu wake wa kampeni, Righa, kijana wa suti na simu mbili, hakuchoka kumtuliza.

"Mheshimiwa, tuko sawa kabisa. Jana walipiga makofi mpaka vumbi likapanda."

"Hata mvua hupiga makofi juu ya bati, Righa. Nitajuaje ni nani aliyepiga?"

Righa akatazama simu yake.

Seneta alikwenda kwenye mikutano, akatazama nyuso, na nyuso zikamchekea. Akarudi nyumbani akijiuliza zilicheka kwa nini. Kilichomwogofya zaidi kilikuwa ni ule ukuta wa ghala. Alijiona amesimama mbele yake, mgongo wazi, asijue kinachotendeka nyuma. Akawaza hivi kwa siku nyingi, na kwa kuwa mtu akibanwa hurudia ufundi wake wa zamani, akapata shauri la kifundi. Aliagiza malori mawili ya viatu vyeusi, vyote vya namna moja, jina lake limechapwa kisiginoni. Soli zake alizichagua mwenyewe. Alikataa za mpira laini, akachukua za plastiki ngumu, ambazo juu ya ardhi kavu hulia ko, ko, ko.

"Nitawasikia wakija," alimwambia Righa. "Viatu vikishaanza kulia nyuma yangu, moyo utatulia."

Wakazunguka vijiji tisa wakigawa. Seneta alisimama juu ya gari la mizigo, na watu wakasongamana chini yake.

"Mheshimiwa, nipe jozi mbili!" mwanamume mmoja alipaza sauti. "Jozi moja ikusindikize wewe, nyingine ikamwamkie Ngeti!"

Watu wakaangua kicheko. Seneta hakucheka. Aliyaweka maneno yale moyoni, akaenda nayo kijiji cha pili na cha tatu kama kijiwe ndani ya soksi.

Katika kijiji cha tano alifika Mama Mshai. Alipewa jozi yake, akaigeuza, akakitazama kisigino cha kushoto, kisha akainua uso.

"Fundi, huu mguu wangu wa kushoto..."

"Mama, sema mheshimiwa," Righa alimrekebisha kwa upole.

"Namba sita, mama, itakutosha," Seneta alisema. Macho yake yalikuwa juu ya vichwa vya watu, yakitafuta mwisho wa umati. "Anayefuata!"

Mama Mshai akaondoka na viatu vyake mkononi. Kelele zilikuwa nyingi, na hatua yake haikusikika.

Siku ya mlolongo ilipambazuka na ukungu. Hapakuwa na jua, kwa hiyo hapakuwa na kivuli cha kumwambia mtu lolote. Uwanja ulikuwa wa udongo mgumu, umekanyagwa na miaka. Seneta Mwasaru alisimama mahali pake mbele ya ukuta, na Ngeti akasimama hatua arobaini kushoto kwake. Rangi ya ukuta ilikuwa imebanduka, na katika mabanduko yale Seneta aliona kila namna ya umbo: mara ng'ombe, mara ramani, mara kiti kitupu.

Filimbi ya kwanza ikalia.

Akasikia viatu. Ko, ko, ko. Viatu vyake, soli zake, alizozichagua kwa mkono wake. Moyo ukamruka kwa furaha. Vikaja kutoka lango la uwanja, vikaja vingi, vikakaribia. Kisha vikapinda kushoto.

Alidhani amesikia vibaya, akatega sikio. Ko, ko, ko, kwenda kushoto. Vikafuatana kama mvua ya mawe, vikaenda kujipanga nyuma ya Ngeti, kila jozi na jina la Mwasaru kisiginoni. Alimkumbuka yule mwanamume wa jozi mbili. Jasho likamtoka chini ya kola. Akajaribu kuvitambua, huyu ni nani, yule ni nani, kama zamani. Hakumtambua hata mmoja. Viatu vile vilikuwa na sauti moja, naye ndiye aliyevipa sauti hiyo.

Na nyuma yake yeye palikuwa kimya.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mwasaru aliujua msemo huo, alikuwa amewahi hata kuutaja jukwaani akashangiliwa. Lakini msemo haumfai mtu ambaye mgongo wake umekufa ganzi kwa hofu. Alisikiliza kimya kile mpaka masikio yakaanza kuvuma. Mara moja akasikia mtu akikohoa, akafikiri ni askari wa lango. Mara nyingine akasikia kitu kidogo kikikwaruza udongo, kama fagio, kikiwa karibu sana. Akajiambia ni jani kavu linalosukumwa na upepo. Lakini hapakuwa na upepo.

Filimbi ya pili ikalia. Milolongo ikafungwa. Akasikia wahesabuji wakianza upande wa Ngeti, wakipita kwa haraka, wakimaliza. Kisha hakusikia kitu tena. Mbona hawaji kwangu, aliwaza. Pengine hapana cha kuhesabu. Aliwaona kwa mawazo wote wa vijiji tisa wamejipanga nyuma ya Ngeti, wanatazama mgongo wake mpweke na kuzuia kicheko. Aliona gari linarudishwa, aliona kufuli lenye kutu. Alijiambia angoje. Akahesabu mpaka kumi, akahesabu tena. Kilikuwa kimebaki kitambo kidogo tu, pumzi chache. Lakini mtu aliyezoea kuhakikishiwa kila siku hawezi kukaa bila kuhakikishiwa hata kwa pumzi hizo chache.

Akageuka.

Mlolongo ulianzia mgongoni mwake. Ulipita katikati ya uwanja, ukafika langoni, ukatoka nje, ukateremka na njia ya bonde mpaka ukungu ukaumeza. Ule wa Ngeti haukufika nusu yake. Wahesabuji walikuwa wameanzia kule mwisho, wangali mbali, ndiyo maana hawakusikika. Na kila mtu katika mlolongo ule mrefu alikuwa peku, ameshika viatu vyeusi mkononi.

Wa kwanza kabisa, karibu kiasi cha kuguswa, alikuwa Mama Mshai. Miguu yake ilikuwa na vumbi jekundu. Alimtazama kama mtu anavyotazama chungu kilichoponyoka mkononi mwa mtoto, bado hakijafika chini. Kisha akavunja ile sheria ya kutonena, kwa kuwa sasa haikuwa na kazi tena.

"Fundi," alisema, "tulivua ili ujue kwamba hatukuja kwa ajili ya viatu. Tulikuja kwa ajili ya chemchemi."

Msimamizi wa mlolongo akainua mkono wake. Hakuupenda mkono ule, lakini aliuinua. Mgombea Mwasaru amejitoa. Filimbi ya tatu ikalia, na upande wa kushoto viatu vikaanza kurukaruka kwa shangwe, ko, ko, ko, mpaka ukuta wa ghala ukajibu.

Wale waliokuwa nyuma ya Mwasaru hawakumtukana. Afadhali wangemtukana. Waliinama mmoja mmoja, wakaviweka vile viatu chini mbele yake, wakaondoka kimya kama walivyokuja. Viatu vikapanda vikawa kichuguu. Alisimama akiwatazama wakiingia katika ukungu. Alitaka kuwaita, lakini majina yalikuwa yamemtoka. Ndipo, walipokuwa hawaonekani tena, akasikia mahali fulani kwenye njia ya bonde hatua ikisema ta, kisha ikaburura, shaa.

Akaitambua.

Nami nawauliza ninyi nyote mliokabidhiwa watu, wawe wengi au wachache: siku watu wenu watakapokuja bila mlio, mtawatambua kwa lipi?