Kuku wa Kindamba

Kubadili kuku hakuponyi mguu.

Mwalimu alimwambia hivyo mwenzenu aliyenakili majibu ya jirani yake, nanyi mkarudi mnacheka, mnauliza kuku kaingiaje darasani. Aliingia kwa mlango wa uani, kama kawaida yake. Methali hii ilizaliwa Namatete, kijiji chenye matete mengi kuliko watu, na iliyoizaa ni njaa ya ngoma ya mwanamume mmoja aliyeitwa Kindamba.

Kindamba hakuwa mkulima wa kusifiwa, na habari za ufugaji tuziache kwanza. Lakini njuga zikifungwa miguuni mwake, hata mgonjwa aliyekwisha kuusia watoto aliomba ainuliwe atazame. Alikuwa na mruko wake. Alipaa, akageuka hewani, akatua kwa mguu wa kulia, na njuga zote zikalia pamoja kama mvua ya mawe juu ya bati.

Kila mwaka baada ya mavuno, Namatete walishindana ngoma na watu wa Kipilipili, kijiji cha ng'ambo ya mto. Hapakuwa na zawadi ya kikombe wala mbuzi. Walioshindwa waliimba wimbo wa washindi mwaka mzima, shambani, kisimani na kinuni, na maneno waliyatunga washindi wenyewe. Mwaka huo Namatete walikuwa wakipalilia huku wakiimba kwamba wao hucheza kama mbuzi aliyekanyaga kaa la moto. Waliimba mpaka watoto wadogo wakadhani ni sala. Kwa hiyo tumaini la kijiji kizima lilikuwa limefungwa kwenye kifundo cha mguu wa kulia wa Kindamba.

Zikiwa zimebaki wiki nne, akiwa mazoezini, Kindamba alipaa, akageuka, akatua kwenye shimo la fuko. Kifundo kikalia ko. Kabla hajafikishwa kwake, kilikuwa kimevimba kama boga changa.

Aliitwa Bibi Somoe, mganga wa viungo. Macho yake yalikwisha kuingia ukungu, lakini vidole vyake viliona mpaka ndani ya mfupa. Alibonyeza hapa, akabonyeza pale, akasema mfupa una ufa na kano zimevutika. Akamfunga gango: vibanzi vya matete pande zote mbili za kifundo, juu ya kitambaa laini, vikabanwa kwa kamba za ukindu. Kisha akaomba kuku jike.

Ndiyo ilikuwa desturi. Kuku alivunjwa mguu, akafungwa gango dogo mfano wa la mgonjwa, akafugwa hapohapo nyumbani. Mgonjwa hakufunguliwa mpaka kuku akanyage na kuchakura.

"Sasa nisikilize, mume wangu," Bibi Somoe alisema, kwa utani wa bibi na mjukuu. "Wiki ya kwanza hukanyagi kabisa. Ya pili na ya tatu, unakanyaga kwa fimbo, na gango liko mguuni usiku na mchana. Ya nne na ya tano, ukilala unalifungua mguu upumue, ukiamka unalivaa. Ya sita, unalivaa ukienda shambani na mlimani tu. Hapo ndipo tutamuuliza kuku."

"Ngoma ni wiki ya nne, Bibi."

"Mimi nafunga mifupa. Ngoma hufungwa na wengine."

"Na likinibana?"

"Vidole vikifa ganzi au vikiwa baridi, niite nilegeze. Likikuwasha, vumilia. Likikuchosha, mlilie mke mwenzangu huyo." Alimwonyesha Sikudhani, mke wa Kindamba, ambaye alicheka mpaka akajishika kiuno.

Basi Kindamba akakaa kibarazani na gango lake, na kuku wa madoadoa akakaa chini ya tenga na gango lake, wakitazamana kama mahabusu wawili. Wiki tatu zikapita. Jioni ngoma za mazoezi zililia, na kila zilipolia kifundo kilimcheza. Yeye alidhani ni uzima. Alimtoa kuku, akamwambia, "Tembea basi, mama." Kuku akaruka hatua mbili kwa mguu mmoja, akaketi, akafumba macho.

Siku tatu kabla ya shindano, Sikudhani alikwenda msibani kwao. Kindamba akabaki peke yake na kuku zaidi ya ishirini wa mkewe, na wazo likamwingia. Miongoni mwao alikuwamo mmoja mchanga mwenye madoadoa yaleyale, miguu ileile ya manjano. Tembe, alijisemea, jike ambaye bado hajataga. Nani atamjua? Akamwita kwa mtama, akamfunga gango dogo mfano wa lile, akamtia chini ya tenga. Yule mgonjwa akafichwa nyuma ya jiko.

Asubuhi ya shindano uwanja ulifurika. Kipilipili walikuwa wamekwisha kuvuka na ngoma zao, wakiimba ule wimbo wa mbuzi kwa madaha. Kindamba aliingia kwa fimbo, tenga kichwani kwa kijana wa nyuma yake. Mzee Matimbwa, mkubwa wa ngoma wa Namatete, akanyamazisha watu.

"Mfungue kuku. Tumwone."

Tenga likainuliwa, gango dogo likafunguliwa. Ndege akatoka, akajikung'uta, akavuka uwanja kwa mwendo wa mtu anayekwenda kuposa, akachakura vumbi mpaka likawafikia Kipilipili. Namatete wakapasuka kwa vigelegele. Ngoma zikaanza zenyewe. Upande wa wanawake Kindamba alimwona Sikudhani, amerudi kutoka msibani, anarukaruka na kupunga mikono yote miwili, anapiga kelele zisizosikika. Moyo ukamjaa. Mke ananishangilia, aliwaza, naye akampungia.

Bibi Somoe alimkamata yule ndege, akampapasa mguu kwa kidole gumba. Akapapasa tena.

"Amepona," alisema polepole. "Amepona mpaka mfupa umesahau kwamba ulivunjika. Na wewe, mume wangu? Simama kwa mguu wa kulia peke yake, nihesabu mpaka thelathini."

"Bibi, watu wanangoja."

"Basi cheza gango likiwa mguuni, uache ule mruko."

"Na njuga nizifunge wapi? Shingoni?"

"Mimi silikati," Bibi Somoe alisema, akarudi nyuma.

"Kuku kasema, kata," watu waliitikia, na Mzee Matimbwa akazikata zile kamba kwa kisu. Njuga zikafungwa palipokuwa na gango.

Lo, alicheza. Walioona walisema hajawahi kucheza vile. Vumbi lilisimama kiunoni, wapigaji walitoka jasho mpaka ngozi za ngoma zikalowa, na Kipilipili walianza kutazamana. Kifundo kilimwonya mara ya kwanza kwa moto. Akakipuuza. Kikamwonya mara ya pili kwa baridi. Wakati huo uwanja mzima ulikuwa unamwitia mruko, naye angemwambia nani hapana? Akapaa. Akageuka hewani. Huko juu, kabla hajashuka, alijua.

Alitua, mguu ukajikunja kama shina la mpapai, naye akalala vumbini. Ngoma zikanyamaza moja baada ya nyingine. Ndipo yule kuku akapanda juu ya ngoma kubwa, akanyoosha shingo, akawika. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, ya anayeanza kubalehe, lakini ilikuwa kuwika.

Hakuwa tembe. Alikuwa pora, jogoo mchanga, na alikuwa amechagua siku yake ya kwanza.

Bibi Somoe alikuwa amekwisha kupiga magoti penye kifundo. "Gango langu huponya mfupa," alisema. "Kumgeuza jike kuwa dume, hilo bado sijajaliwa."

Sikudhani alifika anahema. "Nilikuwa nakupungia nikikwambia huyo ni pora wangu. Nawe ukanipungia."

"Sikudhani," Kindamba alisema, na hata leo haijulikani kama alikuwa akimwita mkewe au akijitetea.

Kipilipili walishinda, na hawakuhitaji hata kwenda pembeni kutunga. Wimbo ulitoka palepale: "Badilini kuku, badilini kuku, kubadili kuku hakuponyi mguu." Mwaka mzima Namatete waliuimba wakilima, wakiteka maji, wakitwanga. Kindamba aliuimba kibarazani, gango mguuni, safari hii miezi mitatu, na kuku mgonjwa akimsikiliza. Alipopona na kuchakura, kuku huyo alitaga mayai kumi na moja.

Lakini Kindamba sasa alikuwa mwoga. Kuku alitembea, yeye akang'ang'ania gango, tena kibarazani uji ulikuwa ukimfuata. Bibi Somoe alipoupapasa mguu, akakuta umekonda kama mpini wa jembe.

"Kwanza ulilivua kwa ajili ya ngoma, sasa umelivaa kwa ajili ya uji," alisema. "Gango likipita siku zake ni pingu." Akalifungua, akalitia jikoni, likachemsha uji wa mwisho. Tangu siku hiyo alimtuma kupanda na kushuka kilima kila asubuhi.

Shindano lilipofika tena, hakuna aliyeleta kuku. Bibi Somoe alitoa sindano na uzi.

"Simama kwa mguu wa kulia mpaka nitunge uzi huu."

Na macho yale ya ukungu, mnaweza kufikiri alichukua muda gani. Alikosa, akalamba uzi, akakosa, akauliza habari za mahindi, akakosa tena. Kindamba alisimama. Hakutikisika. Uzi ulipopita, alifungiwa njuga, akacheza, akapaa, akageuka, akatua, na mvua ya mawe ikanyesha juu ya bati.

Kipilipili walishindwa. Mzee Matimbwa akamwambia Kindamba atunge yeye wimbo watakaouimba mwaka mzima. Kindamba alikuwa ameungoja wakati huo miezi kumi na miwili, na matusi alikuwa nayo ya kutosha. Alifungua kinywa, lakini ulimi ulikuwa umezoea wimbo mmoja tu, ukatoka huohuo. Ndiyo maana hadi leo huimbwa pande zote mbili za mto, na aliyeshinda na aliyeshindwa, kwa maneno yaleyale:

Kubadili kuku hakuponyi mguu.