Viatu vya Nyati na Mkeka wa Bi Nyangumi

Hapo zamani za kale, kabla ya watoto kujua kuvua viatu na kuvitupa ovyo mlangoni, kama vile vyenu pale, naviona, usijifiche Mwanahawa, palikuwa na Pimbi. Pimbi mnamjua? Mnyama mdogo wa mawemaweni, hana mkia wa kujivunia, hana pembe. Ana meno mawili ya mbele na mdomo wa maneno.

Pimbi alikaa na mkewe, Bi Mize, kwenye mwamba ulio juu ya bahari. Nyuma ya mwamba palikuwa na uwanda, na kila masika yakiisha uwanda wote ulijaa maua ya mwituni: ya njano, ya zambarau, na meupe madogo yanayofumba jua likiwa kali. Majani yake ndiyo chakula cha nyumba ile. Mbegu zake zikianguka, ndiyo chakula cha mwaka unaofuata.

Na maua yakishachanua tu, nyangumi nao hufika. Hupita pale chini na watoto wao, wakipumua na kuruka, na wanyama wa bara hutoka mbali kuja kuwatazama.

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Mwaka uliopita walikuja Bwana Nyati na Mzee Tembo. Wakasimama katikati ya maua, wakasukumana, huyu anasema unanikinga, huyu anasema sioni. Tifu, tifu, tifu. Walipoondoka, uwanda ulikuwa tope. Mbegu hazikuanguka. Bi Mize alikula miiba mwaka mzima akakonda, na usiombe kumwona.

Sasa mwaka huu Bi Mize amejifungua watoto watatu.

"Mume wangu," akasema, "wakikanyaga tena mwaka huu, hapa hatukai. Itabidi tuhamie kule kwenye majabali ya kwa Chui."

"Kwa Chui, na watoto hawa?"

"Basi kawazuie."

Pimbi akacheka kwa huzuni. "Nimzuie Nyati? Mimi naingia kwenye sikio lake na nafasi inabaki."

Lakini hakulala usingizi akingoja balaa. Siku tatu nzima alikaa juu ya mwamba, anamtazama Bi Nyangumi, mmoja wa wale waliofika na watoto, huku anatafuna majani. Akagundua jambo. Bi Nyangumi akizama, Pimbi hutafuna matonge saba. Akiwa kwenye la nane, Bi Nyangumi huibuka kupumua. Leo saba, kesho saba, keshokutwa saba.

Siku ya nne asubuhi wakasikia sauti kwenye mawe. Ko, ko, ko, ko.

"Ndio wao," akasema Bi Mize, akawaficha watoto chini ya maua.

Pimbi akatupa jicho baharini, akaona mkia mkubwa unazama taratibu. Akachuma majani, akatia tonge la kwanza mdomoni, akaenda kusimama mbele ya uwanda.

"Mjomba Tembo, shikamoo."

"Marahaba, mpwa wangu. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo. Bwana Nyati, habari za safari?"

"Ndefu," akasema Nyati. Huyu hakuwa mtu wa salamu. "Tumekuja kumwona Nyangumi. Tupishe tukasimame pale pale petu."

"Pale kwenye mkeka wake?"

Nyati akasimama. "Mkeka wa nani?"

"Wa Bi Nyangumi. Hamuoni ulivyosukwa kwa rangi? Hii ndiyo sebule yake ya nchi kavu. Mwaka jana mliingia bila hodi, akanyamaza tu kwa kuwa ni mtu wa heshima. Lakini mlimwona vizuri?"

Tembo akakuna kichwa. "Kusema kweli, tuliona mgongo kidogo."

"Ndio hivyo. Mgeni asiyebisha hodi huonyeshwa mgongo." Pimbi akameza, akatia tonge la pili, na la tatu.

"Mbona unatafuna mbele ya wageni?" akauliza Nyati.

"Sijapata staftahi. Haya, bisha hodi."

Nyati akageukia bahari. "Hodi."

Kimya. Maji yametulia.

"Haitiki," akasema Nyati.

"Bwana Nyati, kwani kwenu mwanamke akibishiwa hodi ya kwanza anatoka hivyo hivyo? Mwache ajifunge khanga." Tonge la nne. Pimbi akalitafuna pole pole mpaka likawa maji. Tonge la tano.

"Hodi!" akanguruma Nyati.

"Ala, hodi gani hiyo? Unamfukuza kuku jikoni? Mjomba, hebu mfundishe mwenzako."

Tembo, ambaye alipenda sana kufundisha, akaanza. Sauti ishushwe. Mwisho uvutwe. Mtu asisimame kuelekea mlangoni moja kwa moja, asimame pembeni, macho chini. Somo likawa refu, na Pimbi akamaliza tonge la sita. Akatia la saba.

"Basi nimeelewa," akasema Nyati. "Hodiii."

Kimya.

Pimbi akameza tonge la saba, akatia la nane. Bahari tupu. Akatafuna. Bahari tupu. Wanangu, majani yakawa hayana ladha mdomoni. Siku zote saba, na leo ndiyo siku ya kukosea?

"Hodi tatu," akasema Nyati. "Nyumba haina mtu. Na nyumba isiyo na mtu ni uwanja kama viwanja vingine. Tembo, twende zetu ndani."

Akanyanyua mguu. Ukwato ukaning'inia juu ya ua la njano, na chini ya ua lile, Pimbi aliona, kulikuwa na sikio dogo la mwanawe.

Pwaaaaa!

Maji yakapanda juu kuliko minazi, na manyunyu yakawafika usoni. Nyati akaganda na mguu wake hewani.

"Amesema karibu," akanong'ona Tembo.

"Amesema karibu," akarudia Pimbi.

Sasa hapo, mwenye akili ataona Pimbi amejichimbia shimo. Ukishaambiwa karibu, unafanya nini? Unaingia. Na Nyati naye aliona hivyo hivyo.

"Kama ni karibu, basi naingia," akasema.

"Ingia, ingia. Ila viatu."

"Viatu gani? Mimi sina viatu."

"Bwana Nyati, hebu rudi kwenye mwamba utembee kidogo."

Nyati akarudi nyuma. Ko, ko, ko.

"Kinachogonga ni nini?" akauliza Pimbi. "Mguu haugongi. Nitazame mimi, nyayo zangu ni ngozi tupu, nikitembea husikii kitu. Kinachogonga ni kiatu. Na hakuna anayekanyaga mkeka wa watu na viatu."

Nyati akazitazama kwato zake, moja baada ya nyingine, kama mtu aliyevalishwa na mwingine. Akaketi. Akavuta kwa meno. Akaona aibu, akamwambia Tembo amsaidie. Tembo akazungusha mkonga kwenye ukwato, akavuta, na Nyati mzima akaburutwa mwambani mgongo chini, huku kiatu kimebaki pale pale mguuni.

"Vimebana," akasema Nyati akihema. "Tangu utotoni sijavivua."

"Lakini mimi miguu yangu haigongi," akasema Tembo. "Mimi naweza kuingia."

Pimbi akatikisa kichwa kukubali. "Kabisa, mjomba. Wewe ingia. Utamwacha mwenzako peke yake nje, kama mtu aliyekuja kuomba maji ya kunywa."

Tembo akamtazama Nyati, aliyekuwa ameketi na vumbi puani. "Aa, hapana. Huo si uungwana."

"Basi karibuni barazani," akasema Pimbi, akawaonyesha ule mwamba mpana ulio ukingoni. "Baraza ni la wageni wa heshima."

Wakaketi. Na kutoka pale, wanangu, mbele yao hapakuwa na kitu ila bahari. Bi Nyangumi akaibuka na mwanawe ubavuni. Akaruka mzima mzima, akaanguka, bwaaa! Mtoto naye akajaribu, akaanguka vibaya. Nyati akacheka mpaka machozi. Lakini Tembo alimkazia macho Bi Nyangumi.

"Miaka yote hii," akasema, "nilijua mimi ndiye mkubwa."

Jua lilipopanda wakaaga. Nyati akatangulia. Tembo akainama karibu na Pimbi.

"Mpwa wangu, Bi Nyangumi anaishi majini. Mkeka wa nchi kavu anamtandikia nani?"

Pimbi hakuwa na tonge la kutafuna. "Wageni, mjomba."

Tembo akayatazama maua. Chini yake akaona nyuso tatu ndogo zinachungulia, na nyuma yao Bi Mize, amekonda.

"Wasalimie hao wageni wadogo," akasema, akaondoka kwa kuambaa ukingoni, akikanyaga mawe tu.

Mwaka ule mbegu zilianguka zote. Mwaka uliofuata maua yalifika mpaka kwenye mwamba, na Bi Mize akanenepa, na watoto wakawa na nafasi ya kukimbizana. Nyati akarudi, safari hii na ukoo wake mzima. Pimbi akatoka mbio kuwazuia, lakini hakuwahi kufungua mdomo.

"Simameni!" Nyati alikuwa anawaambia wenzake. "Nani kawafundisha kuingia kwa watu na viatu? Barazani wote, na mtu abishe hodi."

Mahali pale mpaka leo panaitwa Barazani. Haya, nendeni mkavipange vile viatu, na mlishike hili: mkubwa usiyeweza kumsukuma, mtafutie pa kukaa.