Jumbe, Nizime Upi?

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mmeitika kinyonge, kama waliokula ugali bila mboga? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimesikia watu.

Hapo zamani za kale, kabla bibi wa bibi yangu hajaota jino, palikuwa na kijiji mlimani. Kijiji cha ukungu. Kijiji cha baridi. Na moto, jamani, ulikaa nyumba moja tu, kwa Jumbe Mrindoko. Ukitaka kupika, panda kwa Jumbe. Weka mzigo wa kuni mlangoni. Piga magoti. Ndipo upewe kijinga kimoja cha moto, ukimbie nacho kabla hakijafa. Ukishapika, uzime. Kesho upande tena. Na kupekecha moto mwenyewe kwa vijiti? Mwiko! Watu walisema, "Tumeyakuta, tutayaacha."

Chini kabisa, ng'ambo ya korongo, aliishi Bibi Nakiete na mkaza mwanawe, Nambike. Masika yaliyopita Nambike alijifungua. Bibi akapanda kwa Jumbe, akapiga magoti, akapewa kijinga, akashuka nacho mbio. Mvua ikashuka: chwaa! Kijinga kikafa. Akapanda tena. Chwaa! Kikafa tena. Alipofika na kilicho hai, kitoto kilikuwa kimeshapoa kifuani kwa mama yake.

Bibi akakichukua kitoto, akakifunika kwa nguo yake. Kisha akasema, "Mtoto mwingine hatakufa kwa baridi katika nyumba hii."

Sasa sikilizeni. Nambike ana mimba nyingine, tumbo limeshuka, na masika yako njiani.

Bibi Nakiete akatafuta kibao na kijiti, akaketi uani. Peke peke peke! Peke peke peke! Mikono ikatoka malengelenge. Moshi? Wapi!

Jirani yake Nakijwa akachungulia. "Bibi, utavunjika mgongo kwa kuinama hivyo."

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame, mwanangu."

Peke peke peke!

Ngoma ya mavuno ikalia: ndu! ndu! ndu! Wanawake wakamwita, "Bibi, njoo! Kiuno chako ndicho kinachoiamsha ngoma!"

"Chezeni na zamu yangu."

Peke peke peke!

Watoto wakamtungia wimbo: "Bibi anasugua mti, mti hauzai moto!" Wimbo wenyewe ulikuwa mtamu, Bibi akawa anapekecha kwa kuufuata.

Alijaribu mti mbichi, ukatoa maji. Alijaribu mgumu juu ya mgumu, vikang'aa tu kama vimepakwa mafuta. Akatupa. Akachukua vingine.

Jumbe akasikia. Hakuja mwenyewe, alimtuma mzee wa baraza, mwenye sauti ya asali.

"Bibi Nakiete, Jumbe anakupa kiti barazani. Hakuna mwanamke aliyewahi kukikalia. Acha vijiti, uje utawale nasi."

"Kiti hicho kitampa joto mjukuu wangu?"

"Kiti? Hapana, Bibi."

"Basi kakalieni wenyewe."

Loo! Mzee akarudi na asali yake.

Peke peke peke! Safari hii kibao kilikuwa cha mkuyu mkavu, laini. Kijiti cha mkole, kigumu. Pembeni, sufi kavu. Peke peke peke! Harufu ikaja. Unga mweusi ukamwagika. Moshi mwembamba ukainuka. Bibi akainama, akapuliza: fuu! fuu! Waa! Moto! Mimi kila nikifika hapa mwili unanisisimka, msinicheke.

Je, aliuficha? Aa wapi! Aliwaita kina Nakijwa, mmoja mmoja, akawaambia, "Kaa hapa. Shika hivi. Usiache mpaka moto utoke." Wakajifunza, wakanyamaza kimya, maana Jumbe walimwogopa.

Masika yakaingia. Chwaa! Chwaa! Nambike akajifungua, na moto ukiwaka pembeni ya kitanda chake. Moshi ukatoka paani, wote wakauona. Jumbe naye akauona. Akashuka na watu wake, na vibuyu vya maji.

"Nani amekupa moto?"

"Mikono yangu, Jumbe."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!"

"Guu langu hili hapa. Ila sema polepole, mtoto amelala."

Jumbe akafura. "Uzimeni!" Maji yakamwagwa: shaaa! Moto ukafa. Baridi ikaingia ndani. Nambike akamkumbatia mwanawe, akaanza kulia, maana baridi ile alikuwa anaijua.

Bibi akachukua sufi nyingine kavu. Aliketi, akavuta kibao chake. Peke peke peke! Waa!

"Uzimeni tena!" Shaaa!

Peke peke peke! Viganja vya Bibi vilikuwa vinatoka damu.

Ndipo ikasikika nyumba ya pili: peke peke peke! Huyo ni Nakijwa, hofu imemwisha. Ng'ambo ya korongo: peke peke peke! Kule juu nako: peke peke peke! Moshi ukafuka paa hili, ukafuka paa lile, kijiji kizima kikafuka.

Mtu mmoja wa Jumbe alikuwa amesimama mlangoni na kibuyu chake, kimebaki maji ya kunawa uso tu. Akatazama chini, akatazama juu. Akauliza, "Jumbe, nizime upi?"

Jumbe akautazama moshi, paa kwa paa. Akageuka, akapanda mlima akinyeshewa. Vigelegele vikamsindikiza mpaka mlangoni, na mlangoni pale hakupiga magoti mtu tena.

Ndani, moto wa Bibi ulikuwa umeshawaka. Mtoto akapiga chafya, akajinyoosha, akaendelea kulala. Hasikii baridi.

Basi wanangu, ukijua unachokitafuta, usigeuke kwa kila anayekuita, hata akuite kwa ngoma, hata akuite kwa kiti. Na ukiambiwa "ndivyo tulivyoyakuta," uliza nani ananufaika nayo na nani anaumia. Ukikipata, mpe na jirani, maana cha mmoja huzimwa.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyesinzia, shauri yake.