Kitufe cha Kijani na Nafasi Moja

Katika ofisi moja mjini Tabora palikuwa na vijana watatu, na nafasi ya ajira ilikuwa moja. Sikilizeni vizuri, maana mwishoni nitauliza, na atakayesema hakusikia nitajua alikuwa anachezea simu.

Shija, Msukuma, kipaji chake kilikuwa ulimi: hakuweza kuficha jambo, hata lile la kumchoma mwenyewe. Mihayo alikuwa na mikono: umweleze unachotaka kompyuta ifanye, kabla chai haijapoa inafanya. Kalunde alikuwa na macho, ya kutazama watu, si mashine. Wote walikuwa kwenye majaribio. Kalunde alijua akikosa kazi hii anarudi Urambo kupima unga dukani kwa shemeji yake, na shemeji mwenyewe ana mdomo.

Walitunza programu inayoiambia zahanati mtoto apewe dawa kiasi gani kulingana na uzito wake. Kila mmoja aliandika sehemu yake pembeni. Kazi kuu ikibadilika, ilibidi uinue sehemu yako, kipande kwa kipande, uipachike upya juu ya ile mpya. Ni kama fundi cherehani aliyebadilishiwa kitambaa katikati ya kushona: anafumua huku, anashonea kule. Hapo katikati nguo si nguo, ina mikono mitatu. Na kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na kitufe cha kijani, Thibitisha. Ukikibonyeza, kilichopo kinaandikwa kuwa kazi iliyokamilika, kiwe kimeiva, kiwe kibichi.

Sasa, umeme wa mtaa ule ulikuwa haukatiki kabla ya kucheza kidogo. Taa zikicheza, kila mkono ofisini unarukia kile kijani ili kuokoa kazi. Walishazoea hivyo, na hata wewe ungezoea.

Asubuhi moja Shija alikuwa katikati ya kupachika. Taa zikacheza, mkono ukaruka. Kipimo cha zamani na kipimo kipya vikaandikwa vyote viwili. Mtoto angepewa dawa mara mbili! Hakuna aliyeona, na mchana programu ilikuwa itumwe zahanati.

Shija akasimama. "Jamani, nimethibitisha kazi mbichi. Msitume."

"Kidole hicho kingekuwa mguu, saa hizi kingeshafika Mwanza," Mihayo akasema.

"Nicheke tu. Ulitaka ninyamaze?"

Kalunde hakucheka. Kosa hilo lilishampata na yeye, akalifuta kimyakimya.

Mkuu wao, Bi Nyanzobe, akazuia programu isitumwe. "Pole za maneno nimeshiba. Nataka kosa hili lisitokee tena, na atakayelizuia ndiye nitakayemwajiri."

Mihayo akaketi, akakilaza kile kitufe. Mtu akianza kupachika, kijani kinageuka kijivu na hakibonyezeki, mpaka vipande vyote vikae sawa, au mtu aghairi arudi alikoanzia. Alimaliza kabla ya chakula cha mchana. "Haya, vileteni vidole vyenu!"

Kalunde akaomba kijaribiwe kwanza kwenye nakala ya mazoezi, na Mwashi, mama aliyefanya kazi kama yao chumba cha pili. Mwashi akaanza kupachika, Kalunde akasimama nyuma yake, akatazama. Taa zikacheza. Mwashi akakibonyeza, kimelala. Akabonyeza tena. Akahamaki, akafungua dirisha jeusi la kuandikia amri, akaiandika amri ile ile ya kuthibitisha kwa mkono. Kazi mbichi ikapita mlango wa nyuma.

"Mama Mwashi, mbona umezunguka?"

"Mwanangu, kitufe kimekufa na umeme unaondoka. Ningekaa niombe dua?"

Hapo Kalunde akaelewa: si kwamba watu walikipenda kitufe, bali waliogopa kupoteza kazi waliyokwisha kuifanya. Akaifanya programu ijiwekee akiba ya kile kilichofikiwa, bila kukithibitisha. Chini ya kijivu akaandika: *Bado unapachika. Kazi yako imewekwa pembeni, haitapotea.* Taa zilipocheza tena, mkono wa Mwashi ukainuka, ukasita, ukashuka. Akaenda zake kunywa chai. Umeme ukakatika, ukarudi, na kazi akaikuta palepale alipoiacha.

Bi Nyanzobe akawaita wote watatu.

"Ningenyamaza, mngezuia nini?" Shija akasema. "Msingejua hata kama pana tundu."

"Na tundu uliloonyesha nani kaliziba?" Mihayo akadakia. "Au nalo huzibwa kwa maneno?"

"Uliziba mlango," Kalunde akamjibu, "watu wakapita dirishani. Mimi ndiye niliyewafanya wasitake kupita."

"Umewafanya wasitake kupita mlango uliofungwa na nani?" Mihayo akauliza.

Bi Nyanzobe akawatazama mmoja mmoja, kalamu mkononi. Mkataba una nafasi ya jina moja.

Je, wewe ungeamua vipi? Usiniambie wote watatu, huko ni kukimbia swali. Taja jina, kisha wageukie wale wawili uwaambie ni kwa nini.